Mwaka mzima natibiwa taifodi, kumbe ni sonona: njia niliyopita mpaka nikarudi kwenye cherehani

Futi Kamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda aruke. Nimeuandika siku nne, nikimaliza pindo nashika simu.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro mjini, miaka 43, nina mke na watoto watatu. Msimu wangu ni Desemba na Januari, sare za shule. Januari ya mwaka juzi nilipokea oda ya sare 64, nusu ya hela nikashika mkononi. Kitambaa nikakata chote. Vipande vya sketi za bluu nikavifunga mafungu mafungu, kila fungu jina la mtoto kwa chaki. Halafu nikakaa.

Sikushona. Naingia ofisini saa mbili, nakaa kwenye kiti, mguu juu ya kanyagio, nayatazama yale mafungu mpaka inaadhiniwa adhuhuri. Na si kwamba nilikuwa nawaza kitu. Watu wakisikia sonona wanadhani ni mtu analia pembeni. Mimi sikulia hata siku moja. Nilikuwa kama redio iliyoachwa katikati ya stesheni mbili, inakoroma tu.

Shule zikafunguliwa, wazazi wakaanza kuja. Mtoto anakwenda na gauni la nyumbani, anarudishwa getini. Mama mmoja alinitukana mbele ya watu na alikuwa na haki yake. Baada ya hapo nikawa najifungia kwa ndani, mtu akigonga nanyamaza.

Mwilini sasa. Usingizi unakata saa tisa usiku, kila siku saa tisa hiyohiyo, hauji tena. Kichwa kinawaka, tumbo linaunguza. Chakula kama natafuna pamba. Nikapungua hadi suruali niliyojishonea mwenyewe nikaitia pini kiunoni. Mambo ya chumbani ndiyo usiulize.

Nikaenda zahanati, nikatolewa damu: taifodi. Sindano siku tano. Mwezi haujaisha, taifodi tena, nikapewa sipro. Kisha wakasema vidonda vya tumbo, nikameza omeprazoli mpaka nikazoea. Mahali pengine nikashikishwa kijiti cha mashine inayopima "mwili mzima", nikaambiwa figo zimechoka na damu ina sumu, nikanunua virutubisho vya laki na themanini. Siwataji, na nasikia walishahama. Wajomba wakanipeleka kwa mtaalamu, nikachanjwa chale. Mke wangu akakesha kuniombea. Kila mtu alifanya alichokijua, sina kinyongo na ndugu. Lakini hesabu ni miezi 11 na hela ya kununulia cherehani kingine.

Aliyenishtua ni mteja. Nesi, alikuja kudai sketi ya mwanawe, akagonga dirisha badala ya mlango, tukatazamana. Hakudai sketi. Akaniuliza, "Fundi, hii kazi ulikuwa unaipenda. Bado unaipenda?" Nikafungua mdomo, jibu hakuna. Akasema, "Jumanne njoo hospitali. Usipange foleni ya kawaida, uliza kliniki ya afya ya akili."

Nitaendelea usiku, kuna mtu anasubiri shati.

---

Mkaa wa Mwarobaini

Nimeweka kambi. Hiyo saa tisa usiku naijua, ndiyo maana nasoma uzi saa hizi.

---

Hela Ndiyo Dawa

Sonona ni ugonjwa wa kukosa hela, tusidanganyane. Bibi zetu walilima ekari tatu na hawakuwahi kusikia hilo neno. Mpe mtu milioni tano uone kama haamki.

---

Futi Kamba

Mkuu, hela ilikuwa mezani kwangu imefungwa mafungu 64 na ina majina. Ilihitaji kushonwa tu.

---

Hela Ndiyo Dawa

😂 Hapo umenipata. Endelea.

---

Mtoto wa Likoni

Kaka fundi, mimi ni wa Mombasa. Huku kwenye taarifa ya habari wanaiita unyogovu, mtaani tunasema stresi, na nyumbani kwa mamangu hakuna jina, wanasema tu "fulani moyo wake mzito". Nakusoma.

---

Futi Kamba

Narudi.

Ile Jumanne nilivaa kofia na barakoa. Ninyi mnajua mtaani kwetu mtu akionekana mlango ule anaitwa "wa Milembe" mpaka anazikwa. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma, ya wagonjwa wa akili, ipo tangu miaka ya 1920, imetibu vizazi na vizazi, na shukrani tuliyoipa ni kuligeuza jina lake tusi. Mimi mwenyewe nilikuwa natukana nalo, kwa hiyo nilikuwa natembea nikijitukana.

Niliowakuta kwenye benchi: mwalimu ninayemshonea kaunda suti, mama mmoja wa sokoni, na kijana wa bodaboda. Hakuna aliyefungwa kamba. Mwalimu akanisogezea nafasi, akasema, "Fundi, karibu kitini."

Daktari alikaa nami kama dakika arobaini, katika miezi 11 hakuna aliyenipa hata kumi. Akaniuliza maswali tisa, kila moja ninajibu kwa wiki mbili zilizopita: hapana kabisa (0), siku chache (1), zaidi ya nusu ya siku hizo (2), karibu kila siku (3). Nikapata 19 kati ya 27. Akataka damu, si ya taifodi safari hii, aliangalia wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, na virusi vya UKIMWI, akisema kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kumfanya mtu aonekane kama mimi. Akauliza pombe. Akauliza kama niliwahi kupitia kipindi cha kinyume, yaani silali siku nne na sichoki, naongea mbiombio, natumia hela ovyo. Nikasema hapana. Baadaye nikajua kwa nini swali lile ni kubwa, kuna mtu atalieleza vizuri kuliko mimi.

Halafu akauliza, bila kushusha sauti, "Umewahi kufikiri kwamba bora usingekuwepo?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikasema ndiyo. Hakushtuka, hakunihubiria. Akauliza mara ngapi, akauliza kama nimepanga chochote, kisha akamwita mke wangu ndani tukakubaliana watatu: dawa zote atazishika yeye, ananipa za siku moja moja. Nilidhani mke atalia. Alisema tu, "Nilijua, nilikuwa naogopa kukuuliza nisije nikakutia hilo wazo." Daktari akamwambia kuuliza hakumtii mtu wazo, kunampunguzia mzigo.

Dawa. Nilianza amitriptilini kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dirishani. Miligramu 25 usiku, zikapandishwa taratibu hadi 75. Usingizi ulirudi mapema, hilo nalisifia. Lakini mdomo mkavu kama nimelamba chaki, choo kigumu, asubuhi kichwa kina ukungu hadi saa nne. Siku moja nikajidunga sindano ya mashine kidoleni. Nikarudi, nikabadilishiwa fluoksetini miligramu 20 asubuhi. Hiyo ilinipa kichefuchefu wiki ya kwanza, ikatulia. Chumbani bado ilisuasua, sitawadanganya.

Jambo ambalo nilitamani niandikiwe kwenye bahasha ya dawa kwa herufi kubwa: wiki mbili za kwanza huoni kitu. Madhara yanakuja leo, nafuu inakuja mwezi ujao. Siku ya tisa nilitaka kuzitupa. Wiki ya nne usingizi ulinifikisha saa kumi na moja. Wiki ya tano tuko mezani, mke akaweka kijiko chini akanitazama. Nikamuuliza nini. Akasema, "Umeomba chumvi." Miezi mingi nilikuwa nakula chochote bila kujua ladha, yeye ndiye aliyeiona nafuu yangu kabla yangu.

---

Tiba Asili Halisi

Ndugu, dawa za hospitali ni sumu. Nina unga wa mizizi saba unaondoa sonona siku 14, njoo faragha nikupe bei.

---

Futi Kamba

Mkuu, ondoa tangazo. Laki na themanini yangu iliishia kwa mtu mwenye maneno kama hayohayo.

---

Mama Nesi Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nimefanya kazi wodini miaka 31, nyingi katika kitengo hicho anachokisema fundi. Naomba niongeze machache, mnisamehe nikiandika kama nafundisha.

Hiyo taifodi. Kipimo kinachotumika sana mitaani, Widal, kinaonyesha "chanya" hata kwa mtu aliyewahi kuumwa zamani au mwenye homa nyingine. Ukiambiwa una taifodi mara ya tatu mwaka mmoja na huna homa, simama uulize. Watu wetu wengi wenye sonona hawaji wakisema "nina huzuni". Wanakuja na kichwa kuwaka moto, moyo kwenda mbio, ganzi, mgongo, tumbo. Si uongo, mwili unaumwa kweli.

Maswali tisa anayoyasema yanaitwa PHQ-9, yapo kwa Kiswahili, na muuguzi yeyote aliyefundishwa anaweza kukuuliza: kukosa hamu ya mambo, kujisikia vibaya moyoni, usingizi, uchovu, kula, kujiona umefeli, kutokumakinika, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na mawazo ya kufa. Kumi na kuendelea, usikae nyumbani. Ila swali la mwisho halisubiri jumla. Hata jumla yako ikiwa 4 tu, kama 3 kati yake ziko kwenye swali hilo, nenda leo.

Kuhusu kipindi cha kinyume. Kuna ugonjwa ambao mtu anapanda na kushuka. Akija akiwa chini anafanana kabisa na fundi. Ukimpa dawa ya sonona peke yake anaweza kupaa hadi asishikike. Ndiyo sababu sipendi watu kununua dawa hizi kwa kuelekezana, "mimi ilinisaidia na wewe kanywe".

Diazepamu, ile mnayoiita valiamu, siyo dawa ya sonona. Inalaza. Ukiizoea ni kazi kuiacha. Fluoksetini na amitriptilini hazikupi uraibu wa namna hiyo, lakini usizikate ghafla, utapata kizunguzungu, hasira, na wengine wanasikia kama shoti kichwani. Ukishapona unaendelea nayo miezi 9 hadi 12 ndipo daktari anakushusha polepole. Wengi wanaorudi kwetu ni wale walioacha mwezi wa tatu kwa sababu walijisikia vizuri. Amitriptilini na pombe visikutane, na isiachwe mahali mtoto anafika, ni hatari ikizidi. Kijana wa chini ya miaka 25 akianza dawa aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo.

Na aliye kwenye dawa za kufubaza virusi, akiona moyo umebadilika, asiziache. Aende kliniki yake aseme. Ile efavirenzi ya zamani ilikuwa inaleta ndoto mbaya na huzuni kwa baadhi ya watu, na siku hizi kuna mbadala.

---

Mtoto wa Likoni

Shikamoo mama. Mimi yangu ilinipata baada ya kujifungua mtoto wa pili. Siku ya arubaini watu wanakula wali, mimi nimemshika mtoto namtazama kama wa jirani. Wifi zangu wakasema nina jini, nikafukizwa ubani siku saba. Kliniki ya chanjo ndipo muuguzi aliponiuliza mimi badala ya mtoto. Nikapewa sertralini, nikaambiwa inaingia kidogo mno kwenye maziwa, nikanyonyesha hadi mwaka na nusu. Ubani sikuukataa, unanukia vizuri, ila haukuwa dawa.

---

Mama Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kuyasema. Sonona ya uzazi inajificha kwa sababu kila mtu anamwangalia mtoto.

---

Mkaa wa Mwarobaini

Mama, na asiye na daktari karibu? Nilipo mimi kutoka kituo cha afya mpaka hospitali ya wilaya ni nauli ya kwenda na kurudi elfu ishirini, na daktari wa akili hayupo hata huko.

---

Mama Nesi Mstaafu

Hapo ndipo ninapopenda kusimulia habari mbili.

Uganda, upande wa kusini-magharibi, vijiji vya Rakai na Masaka, watafiti walikuta watu wamechoka na vifo vya UKIMWI. Dawa hazikuwepo, madaktari hawakuwepo. Wakachukua wenyeji wa kawaida, si wauguzi, wakawafundisha kuongoza vikundi. Wanawake kwao, wanaume kwao, mara moja kwa wiki, wiki 16. Wanazungumza mambo machache tu, kama msiba, ugomvi, na maisha yaliyobadilika. Vijiji 30, nusu vikapata vikundi, nusu vikasubiri. Majibu yalitoka 2003 na tofauti ilikuwa kubwa mno, wenye vikundi wengi walipona. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa njia hiyohiyo.

Zimbabwe nako, daktari wa akili alikuwa na wagonjwa wengi na wenzake wachache. Mwaka 2006 akaanza na mabibi kule Mbare, Harare. Bibi anakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Hamwambii "una sonona". Watu wa kabila la Shona wana neno, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, basi bibi anaanzia hapo. Mgonjwa anataja matatizo yote, wanachagua moja, wanatafuta njia, anakwenda kujaribu, anarudi. Utafiti wao ulichapishwa 2016, na benchi zimeshafika hadi Zanzibar.

Kwa hiyo mwanangu, mganga wa kituo chako cha afya anaweza kuanza dawa za kawaida, usisubiri bingwa. Muulize. Na kikundi cha kuweka na kukopa ulichonacho, au jumuiya, au watu watatu mnaoaminiana, kinaweza kufanya nusu ya kazi ile ya Rakai, mkikubaliana kwamba yanayosemwa hapo hayatoki.

---

Katekista wa Kigango

Mimi ni katekista. Nimeombea watu wengi, naendelea. Lakini miaka kadhaa nyuma nilimwambia binti mmoja tatizo lake ni kukosa imani. Alinyamaza, hakurudi kanisani. Siku hizi mtu akija namuuliza kwanza amelala lini mara ya mwisho, amekula lini, halafu tunaomba, halafu nampandisha bodaboda hospitali. Nauli natoa kwenye sadaka ya huruma na paroko anajua.

---

Futi Kamba

Hiyo bodaboda ya katekista ndiyo tunayoikosa wengi.

Niseme sehemu iliyobaki, ya kujisaidia mwenyewe, kwa sababu dawa ilinisimamisha lakini haikunitembeza.

Mshauri nasaha wa pale kliniki, dada mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, alinipa daftari la kurasa 48. Nikafikiri atanipa maneno ya kujitia moyo. Akasema, "Kesho saa tatu, shona mfuko mmoja wa shati. Ukimaliza funga ofisi urudi nyumbani."

Niliona ananidharau. Mimi kwa siku natoa suruali nne. Mfuko?

Akasema wewe unasubiri hamu irudi ndipo ushone. Kwenye ugonjwa huu hamu inakuja nyuma ya mkono, haitangulii. Kabla ya kushona andika moyo uko wapi, sifuri hadi kumi. Baada ya kushona andika tena.

Siku ya kwanza: kabla 1, baada 1. Mfuko ulinichukua dakika hamsini na ulikaa upande. Siku ya pili: 1, 2. Siku ya tatu sikwenda, nikaandika "sikwenda", alisema hiyo nayo inaandikwa, usichane ukurasa. Wiki ya pili mifuko mitatu na kola moja. Kola ile ilikaa sawa. Nikaigeuza mbele nyuma, nikaandika 5, nikafuta, nikaandika 4, maana niliogopa 5.

Vitu vingine vilivyokuwa kwenye daftari: kutembea nusu saa kabla jua halijachoma, kuelekea upande wa mto, si kwa mazoezi ya kutoa jasho, kutembea tu mwanga uingie machoni. Kuamka saa ileile hata kama sikulala. Usingizi ukikata saa tisa, dakika ishirini zikipita ninatoka kitandani, nakaa kwenye stuli ya jikoni, nikisinzia narudi. Simu haiingii chumbani. Konyagi nikaiacha kabisa. Nilikuwa nainywa nipate usingizi na ndiyo iliyokuwa inaukata.

Na deni la watu. Hili kitabu chochote hakisemi. Ugonjwa uliondoka kidogo, aibu ikabaki na wateja 64. Mshauri akasema andika majina yote, gawa mafungu matatu: wa kurudishiwa hela, wa kushonewa, wa kuombwa radhi tu. Kwenda kwa yule mama aliyenitukana nilichukua wiki mbili. Nilipofika nikamwambia, "Mama, nilikuwa naumwa, nimekuja na hela yako." Akauliza naumwa nini. Nikasema sonona. Akakaa kimya, akasema kaka yake alikuwa hivyohivyo. Hela alichukua nusu. Nusu nyingine akaiacha, akaleta kitambaa nimshonee.

Maswali ile mara ya mwisho nilipata 6. Siyo sifuri. Kuna asubuhi redio inakoroma. Najua sasa kwamba siku hizo ni za mfuko mmoja.

---

Hela Ndiyo Dawa

Fundi, nilikuja kubisha. Nimemtumia mdogo wangu huu uzi.

---

Mgeni 2291

Samahani kuingilia. Nimesoma kimya siku mbili. Niko Mwanza, nasoma chuo mwaka wa pili. Hiyo swali ya mwisho kati ya tisa, mimi ni 3. Kila usiku naomba nisiamke. Sijamwambia mtu. Naogopa nikisema nitakamatwa.

---

Mama Nesi Mstaafu

Mwanangu, asante kwa kuandika. Nakuuliza wazi kama daktari alivyomuuliza fundi: usiku huu una mpango wowote wa kujidhuru? Na hapo ulipo uko na nani?

Kukamatwa ondoa. Kufikiria si kosa popote. Ni kweli sheria ya adhabu kwetu Tanzania inaligusa jaribio la kujiua, na Kenya Mahakama Kuu ilishalifuta kosa hilo Januari 2025, natamani na sisi tufike. Lakini mtu anayesema "nimeelemewa, nisaidieni" ni mgonjwa aliyekuja hospitali, basi.

---

Mgeni 2291

Mpango sina. Mawazo tu. Niko peke yangu chumbani, mwenzangu yuko chumba cha pili.

---

Mama Nesi Mstaafu

Vizuri umeniambia. Sasa fanya moja tu: gonga kwa mwenzako. Usimweleze yote. Mwambie "leo sitaki kulala peke yangu, kesho nisindikize hospitali." Dawa au kitu chochote kinachokutia wasiwasi hapo chumbani mpe akae nacho. Namba ya wizara ya afya ni 199, ni bure. Wasomaji wa Kenya, Msalaba Mwekundu ni 1199. Watoto, nchi zote mbili 116. Ukizidiwa usiku usisubiri asubuhi, nenda dirisha la dharura la hospitali yoyote kubwa, lazima wakupokee.

---

Futi Kamba

Mdogo wangu, mimi kaka yako nipo macho, nina mashati ya harusi. Gonga huo mlango halafu uniandikie neno moja tu.

---

Mgeni 2291

Nimegonga. Amehamishia godoro lake huku.

---

Mtoto wa Likoni

Alhamdulillahi. Huyo mwenzio mpe chai kesho.

---

Mkaa wa Mwarobaini

Na mimi kesho naenda kituo cha afya. Nimesema hapa ili nisirudi nyuma.

---

Futi Kamba

Mgeni, vipi huko?

---

Mgeni 2291

Tuko benchi tangu saa moja. Jamaa ananunua mihogo nje. Namba yangu 23, wamefika 9. Natamani kuondoka.

---

Futi Kamba

Mimi nilikuwa namba 31 na nilitamani kuondoka mara nne. Kaa. Wakifika 20 niambie, nakata kola hapa simu iko mezani.

---

Mgeni 2291

14.